Mashine Nyeusi Chini ya Televisheni



Mwezi uliopita, baada ya darasa la Kiswahili la Jumapili, mzazi mmoja alitujia akiwa na mfuko wa plastiki mkononi, akatuuliza kama tunamjua mtu atakayeutupa kwa niaba yake, kwani yeye mwenyewe moyo ulikuwa unamsita. Ndani ya mfuko mlikuwa na mashine ya Mega Drive, pedi mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira wa nywele, na kaseti nne zilizojaa vumbi. Alikuwa amesafisha chumba cha darini, na watoto wake, ambao sasa ni watu wazima, walimwambia kwa simu kwamba hawavihitaji tena. Tulimwambia asivitupe. Tukaupokea mfuko kwa mikono miwili, kama mtu apokeavyo amana, na tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni jambo gani hasa lililotushtua namna ile. Makala haya ni jaribio letu la kujibu.

Tunafahamu kwamba wasomaji wa kurasa hizi si wa namna moja. Wako wazee wetu, wanaoikumbuka mashine hiyo kama adui wa masomo, wa sala na wa bili ya umeme. Na tuko sisi, tulioletwa nchi hii tukiwa watoto katika miaka ya tisini, na ambao leo tuna watoto wanaotuuliza maana ya maneno ya bibi zao. Wazee tunawaomba subira ya kurasa mbili. Hatukuja kuwatetea watoto watukutu waliokuwa sisi.

Kwa wasioijua, Mega Drive ni mashine ya michezo ya televisheni iliyotengenezwa na kampuni ya Sega ya Japani. Ilitoka kwao mwaka 1988 na kufika Uingereza mwaka 1990, ikiuzwa kwa pauni 189 na peni 99. Fedha hizo kwa familia iliyokuwa imeshuka uwanja wa ndege na masanduku matatu zilikuwa ni hadithi tu. Yetu haikutoka dukani. Baba aliiuziwa na mwenzake wa zamu ya usiku mwaka 1993, akaileta asubuhi imefungwa katika gazeti, akaiweka chini ya televisheni bila kusema neno, kisha akaenda kulala. Mama hakumsemesha hadi jioni.

Kila mtu anamjua Sonic, yule kalunguyeye wa buluu anayekimbia. Habari zake hatuna la kuziongeza; amekwisha kusifiwa vya kutosha na kutengenezewa filamu. Sisi tunataka kuwataja wengine, wale waliokuwa katika kapu la bei ya kutupa karibu na mlango wa duka, wenye picha za kutisha juu ya maboksi yao na majina ambayo hakuna aliyeyatamka shuleni. Michezo ya mapigano na mbio, ya kuruka na kuinama, iliyosahauliwa hata kabla haijazeeka.

Wa kwanza kwetu, na tunadiriki kusema wa kwanza kwa haki, ni Gunstar Heroes. Uliundwa na kikundi kidogo kilichojiita Treasure, kilichoanzishwa mwaka 1992 na watu waliokuwa wameiacha kampuni kubwa ya Konami kwa kuchoshwa na kazi ya kutengeneza mwendelezo wa michezo iliyokwisha kupata soko. Mwaka uliofuata wakatoa mchezo huo. Wote mzima ulienea katika megabaiti moja; picha moja tu ya harusi katika simu yako huenda ikaizidi. Lakini ndani ya megabaiti hiyo mlikuwa na silaha nne za msingi ambazo mchezaji aliweza kuziunganisha mbili mbili, hata zikapatikana namna kumi na nne za kupiga. Kabla ya kuanza uliulizwa kama unataka kupiga huku unatembea, au kusimama imara na kulenga pande zote. Kaka yetu mkubwa alisimama. Sisi tulitembea. Ukitaka kuijua tabia ya mtu, mpe pedi na umtazame anachagua lipi.

Wapiganaji wake ni pacha wawili, Red na Blue, na mmojawapo wa maadui wakubwa wanaopambana nao ni Green, ndugu yao, aliyetekwa akili na adui. Jambo hili tulikuja kulijua baadaye sana. Kaseti yetu ilitufikia bila kijitabu chake, nasi tulikuwa tumezoea kuyaruka maandishi yote yaliyotokea juu ya kioo, kwani mwanzoni hatukuyaelewa na baadaye mazoea yakabaki. Tulimpiga Green kwa miaka mitatu bila kujua kwamba ni ndugu.

Hapo ndipo penye kiini cha tunalotaka kulisema. Wengi wetu tuliingizwa madarasani katika nchi hii tukiwa hatuna hata maneno ishirini ya Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu na wa kughani mashairi huko kwao aligeuka bubu kwa muhula mzima, akikaa nyuma na kutabasamu alipotazamwa. Mwalimu alimwona mzito, na mara nyingine mtoto naye akaanza kusadiki. Michezo iliyosifiwa magazetini ya zama zile, ile ya visa virefu, mafumbo na mazungumzo, ilikuwa ni mtihani mwingine wa Kiingereza. Lakini mchezo wa mapigano haukuuliza unasema lugha gani. Adui anatokea kulia, unaruka au unakufa. Mara ya kwanza tulipoalikwa katika nyumba ya mwanafunzi mwenzetu tulialikwa kwa sababu ya pedi. Na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu tushuke katika ndege, kuna mtu aliyetuomba sisi tumfundishe yeye.

Na nyumbani, mbele ya mashine ile, tulisema Kiswahili. Hili wazee wetu huenda hawakuliona, kwa kuwa walichosikia wao kilikuwa ni kelele. Kiingereza cha shuleni kilikuwa kimekwisha kupenya mezani na kitandani, lakini kidole kinapokuwa juu ya kitufe na adui amekaribia, ulimi hurudi kwao. Ruka! Inama! Nyuma yako! Mwache huyo ni wangu! Bosi wa mwisho wa kila steji tulimwita jini, na uhai aliopewa mchezaji katika michezo mingine tuliuita roho. Mama alipata kuisikia sauti kutoka sebuleni ikilia, "Nimebakiwa na roho moja tu, nisaidieni!" akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Jirani yetu wa mlango wa pili, mtoto wa familia ya Kibangladeshi aliyekuja kucheza kila Jumamosi, alijifunza maneno hayo kwa kuwa bila hayo angekufa. Leo ana ndevu na duka la simu, na tukikutana barabarani hutuamkia kwa kusema "Inama!" Tunainama.

Hatusemi kwamba hofu ya wazee haikuwa na msingi. Mwishoni mwa mwaka 1993 maseneta wa Marekani walifanya vikao juu ya ukatili katika michezo hii, na mwaka uliofuata ukaanzishwa huko utaratibu wa kuipima kwa umri. Iliyokuwepo michafu ilikuwepo. Nasi saa tulizozipoteza tulizipoteza kweli. Wako miongoni mwetu waliorudia mitihani, na hawawezi kumlaumu mtu mwingine.

Bibi alikuja kututembelea kutoka Tanga katika majira ya baridi ya mwaka 1994. Alikaa miezi minne, karibu yote ndani, maana baridi ilimchukiza na lifti ya jengo letu ilimtisha. Mashine aliichukia tangu siku ya kwanza. Alikaa nyuma yetu na tasbihi yake, akiwahurumia waliokuwa wakilipuka. "Hao nao hawana mama zao?" aliuliza. Ikawa siku moja tukafika katika steji ya adui aitwaye Black. Hapo mapigano husimama, na mchezaji hujikuta juu ya ubao wa mfano wa ludo. Hurushwa dadu kubwa, na kwa idadi ya nukta zake mpiganaji husogea. Kila nyumba ina pambano lake, na ipo inayokurudisha mwanzo kabisa wa ubao. Bibi akaacha kuhesabu tasbihi.

"Hiyo dadu anarusha nani?"

"Sisi, bibi."

"Mnarusha vibaya. Nipe."

Tangu siku hiyo mrushaji dadu alikuwa yeye. Tulicheza mpaka pale, kisha tukampisha. Alikishika kile kidude kwa mikono miwili, akasoma bismillahi, akabonyeza. Dadu ikimrudisha mwanzo alisema mashine ina hila, na aghalabu alidai kurudia. Aliporejea Tanga, barua yake ya kwanza ilimalizia kwa kuuliza kama yule mtu wa ubao tulikwisha kumshinda. Tulimjibu kwamba tunamsubiri yeye.

Ilikuwepo michezo mingine, nayo ina haki ya kutajwa. Rocket Knight Adventures, ulioundwa na Konami mwaka 1993, una oposumu mvaa deraya aliyefunga roketi mgongoni. Uongozi wa kazi hiyo ulikuwa wa Nobuya Nakazato, ambaye alihusika pia na michezo ya Contra, na kila steji yake huleta jambo jipya ambalo waundaji wengine wangelinyoosha likawa mchezo mzima. Comix Zone, wa mwaka 1995, unamhusu mchoraji wa vikatuni aliyetumbukia ndani ya ukurasa wa kitabu alichokichora mwenyewe. Hutoka picha moja hadi nyingine kwa kuvuka mstari wa wino. Huweza kuchana kipande cha karatasi kilicho nyuma yake, akakikunja kuwa ndege na kumrushia adui, na jambo hilo humpunguzia uhai wake mwenyewe, kama ambavyo kila ngumi anayoipiga katika mlango au kreti humuumiza. Ni mchezo mgumu kupita kiasi na mfupi kupita kiasi, nasi tunaupenda pamoja na kasoro zote mbili. Bahati yake mbaya ni mwaka. Mwaka huo huo wa 1995 PlayStation iliingia Ulaya, na kila mtu akataka michezo yenye umbo na kina. Picha bapa zikaonekana mambo ya kizamani kwa usiku mmoja. Ndipo kapu la karibu na mlango lilipojaa, na ndipo sisi tulipoweza kununua.

Kuna jambo lingine linalowahusu hasa waliokulia Uingereza. Televisheni za hapa zilionyesha picha 50 kwa sekunde, na za Japani na Marekani 60. Michezo mingi ililetwa kwetu bila kurekebishwa, ikawa inakwenda kwa mwendo wa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake wa asili, muziki ukijikokota nao, na mistari myeusi ikikaa juu na chini ya picha. Hatukulijua hilo. Mwaka 1999 tulitembelewa na binamu yetu aliyekulia Ohio. Aliposhika pedi katika nyumba ya jirani, dakika ya kwanza tu akauliza kama mashine ni mbovu. Tukaona ni majivuno ya Kimarekani, tukanuniana siku mbili. Alikuwa anasema kweli. Hata hivyo, mpaka leo, tukiusikia muziki wa steji ya kwanza ya Sonic ya mwaka 1991 katika mwendo wake halisi, tunahisi kana kwamba mtu anatuharakisha kutoka chumbani.

Na si mwendo tu uliobadilishwa. Contra, mchezo wa askari wawili, ulipoletwa Ulaya uliitwa Probotector, na wanadamu wakageuzwa maroboti, kwa kuhofia masharti makali ya Ujerumani kuhusu picha za vita kwa vijana. Sisi tulikuwa na roboti. Binamu zetu wa Muscat, waliokuwa na mashine nyingine ya kuigiza na kaseti moja yenye michezo mingi ndani, walikuwa na watu. Ubishi huo ulikwenda kwa barua kati ya nyumba mbili kwa mwaka mzima, kila upande ukiapa kwamba mwenzake hana macho, na ndiyo barua nyingi zaidi za Kiswahili tulizopata kuandika kwa hiari yetu.

Bibi alifariki mwezi Machi mwaka 1997. Ilipokuja simu, baba alikuwa hana kazi tangu kabla ya sikukuu, na nauli ya kwenda Tanga haikuwepo. Mazishi aliyakosa, lililobaki ni kuwahi arobaini. Watu wa jumuiya walichanga, Mungu awalipe, na kila nyumba ikatoa ilichoweza. Kwetu kilichokuwepo cha kuuzwa kilikuwa mkufu mmoja wa mama na mashine. Hatukuambiwa; tuliamua sisi. Tuliivuta nyaya, tukaipanga ndani ya boksi pamoja na kaseti kumi na moja, tukaipeleka kwa miguu kwenye duka la vitu vilivyotumika. Muuzaji alizihesabu kaseti kwa kidole bila kusoma majina, akatupa pauni 35. Tulimkabidhi baba pale mezani. Alizitazama fedha, akatazama chini ya televisheni, akatoka kwenda barazani na kukaa huko kwa muda mrefu katika baridi.

Kaseti kwa kweli zilikuwa kumi na mbili. Usiku ule kaka alifungua droo yake na kutuonyesha Gunstar Heroes, aliyoificha ndani ya koti alipokuwa akifunga boksi. "Huyu hauzwi," alisema. "Huyu ni wa bibi." Ikakaa katika droo hiyo, kisha katika droo nyingine za nyumba nyingine, bila mashine ya kuichezea, zaidi ya miaka ishirini.

Sega iliacha kutengeneza mashine za nyumbani mwaka 2001. Mwaka 2019 ilitoa kijimashine kidogo chenye michezo 42 ndani yake, Gunstar Heroes na Comix Zone ikiwamo, na mwaka 2024 ule wa oposumu nao ukarudishwa sokoni pamoja na wenzake. Msomaji anaweza kudhani basi kwamba hakuna kinachopotea. Lakini mwezi Julai mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation, pamoja na Software Preservation Network, lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa mauzo ya kawaida. Inayorudishwa ni ile iliyo na jina. Iliyobaki imo katika mifuko ya plastiki, katika vyumba vya darini, ikingoja siku ya kusafisha.

Kwa hiyo tunawaomba yafuatayo. Mwenye mashine ya namna hii asiitupe kabla ya kuzungumza nasi. Mwenye kaseti asiipulize. Sote tulipuliza, na sote tulikuwa tunakosea, kwani unyevunyevu wa pumzi huziharibu shaba za ndani. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kidogo kwa spiriti safi, ufute taratibu, uache ikauke. Mwenye televisheni ya zamani, ile nene yenye mgongo, hata kama mama watoto ameiwekea kitambaa na maua juu yake, tunaihitaji sana. Picha za michezo hii zilichorwa kwa kioo cha namna ile.

Mashine iliyotoka katika mfuko wa plastiki tumeifungua, tumeisafisha, na inafanya kazi. Jumamosi iliyopita kaka alikuja na kaseti yake. Mwanawe ana miaka tisa. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza, na baba yake amekwisha kuchoka kumgombeza. Binti yetu yuko vivyo hivyo. Tuliwapa pedi, tukakaa nyuma yao kimya. Kwa nusu saa walizungumza Kiingereza chao. Kisha wakaingia mgodini, katika vile vigari vinavyoruka kutoka sakafuni hadi darini, na ile mashine kubwa iitwayo Seven Force ikaanza kubadilika umbo tena na tena mbele yao. Kaka akashindwa kujizuia, akapiga kelele, "Inama! Inama, baba!" Mtoto akainama. Dakika mbili baadaye tulimsikia akimpigia binamu yake kelele hiyo hiyo, kwa neno hilo hilo.

Kwa Black hawajafika. Tumewaambia kwamba wakifika, wasirushe dadu mpaka wakubwa waitwe.

Mashine itakuwa katika ukumbi wetu wa kawaida kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa nane mchana baada ya darasa hadi saa kumi na moja. Pedi ni mbili tu, kwa hiyo zamu itakuwa dakika kumi na tano kwa kila jozi, na mkubwa atakaa na mdogo. Chai ipo. Anayeweza kuleta vitumbua awasiliane na mweka hazina.